Lita Ishirini

Maji ya Pipeline huja Jumanne, yasipokuja
huja Alhamisi, yasipokuja tena
huja kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni hapandi ngazi.
Basi ni mimi na mtungi wa manjano,
lita ishirini, kilo ishirini,
ghorofa ya tano,
mimba ya miezi sita.
Wacheza karata kwenye kona ya ghorofa ya pili
hukunja miguu nipite.
"Pole, mama."
Kisha mmoja hutupa shupaza.

Hakuna aliyewahi kusema: utamuumiza mtoto.

Lakini jioni niliyoonekana nikiingia kwa Odanga,
nyuma ya wale wanaochomelea mageti,
nimevaa suruali ya kaka yangu, kitambaa kichwani,
jengo zima lilifuzu udaktari.
Mama Kadzo alinishika kiwiko:
mtoto atazaliwa na alama ya chuma begani.
Mavyaa akapiga simu kutoka Mwingi
(aliyempasha habari simjui hadi leo),
kizazi kitashuka, akasema, kama ndoo iliyokatika kamba.
Barasa wa lango hakutamka neno.
Alitikisa kichwa nikiingia, akatikisa nikitoka.

Sista Gakii alinipima presha,
akabonyeza vifundo vya miguu, akauliza:
Ulikuwa unanyanyua kabla?
Miaka minne.
Damu? Hapana. Maumivu? Ya mgongo tu, na ya kodi.
Akacheka, akaandika. Endelea, akasema,
ila ukiona damu, ukiona giza, au maji yakitoka,
usimalize hata hesabu uliyoianza. Njoo.
Na usishindane na mtu,
hasa yule uliyekuwa mwezi wa Machi.

Huyo ndiye mzito.

Yumo kwenye daftari la Odanga, wino wa buluu:
Machi, sabini na tano. Mei, hamsini.
Juni, thelathini na tano, na doa la chai.
Sasa naushika mtaimbo mtupu,
magurudumu ya saruji, yale yaliyomiminwa
kwenye mikebe ya rangi,
yamelala ukutani kama mbwa wanaonifahamu.
Kwenye kijitabu cha kliniki napanda kila mwezi,
kwenye daftari hili nashuka,
na sijawahi kushindwa nikiwa na furaha hivi.

Ubao wa kulalia chali tumeuinua, umekuwa kiti,
tangu tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni.
"Toa pumzi ukiinua," asema Odanga. "Usiibane.
Hiyo pumzi mna ubia."
Halafu, mtaimbo ukiwa usawa wa magoti:
"Niambie bei za leo sokoni."
Sukuma, kumi. Vitunguu, ishirini kwa vinne.
Nikikwama kwenye nyanya
ananyooshea sakafu kidole.
Anayeshindwa kusema nyanya amebeba kupita kiasi.

Jumamosi moja taa zilianza kuogelea.
Nikaweka chini, nikaketi, nikanywa maji.
Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyecheka.
Chuma hakina kinyongo.
Ukikiacha leo, kesho utakikuta palepale,
hakijaenda kukusengenya.

Ilinijia jioni ile ngazini, mtungi mkononi,
kwamba huku hakuna anayeniuliza bei za soko.
Nikajaribu mwenyewe, kwa sauti:
Sukuma, kumi. Vitunguu...
Vitunguu...

Nikaweka chini.
Ghorofa ya pili, katikati ya karata zao,
juu ya mfalme wa mtu.
Nikaukalia mtungi, mkono tumboni,
huko ndani mtu akanipiga teke moja la kukubaliana.
Walinitazama kama lifti iliyogoma,
wao ambao hawajawahi kuwa na lifti.

Aliyekuwa akishinda ndiye aliyeinuka kwanza.
Akaushika mtungi, akabana meno, uso ukamwiva.

"Toa pumzi ukiinua," nikamwambia.
"Na unitajie bei ya nyanya."